Re: Wafanyakazi wapya wanakaa kimya, halafu wanaondoka

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: mnaajiri watu wazuri, wiki ya kwanza mnawapa semina na kitabu cha taratibu, halafu wanakuwa kimya tu na baada ya miezi michache wanaaga.

Mimi ndo napokea wapya kazini kwetu. Kabla hujagusa semina angalia kwanza siku ya kwanza mtu anakuta nini. Kompyuta ipo? Nywila inafungua? Bosi wake yupo au kasafiri? Mtu akikalishwa mapokezi nusu siku na hakuna aliyejua anakuja, hapo keshauona utamaduni wenu, na slaidi haziwezi kumbadilisha mawazo.

Pili, mpe mwenyeji. Asiwe bosi wake, awe mtu wa kawaida wa idara hiyohiyo anayeweza kuulizwa yale ya kuona aibu, kama mkubwa hapa anaitwa kwa jina au kwa cheo, ukichelewa unamwambia nani, kwenye kikao mgeni anaruhusiwa kupinga au anasubiri aulizwe. Haya hayaandikwi popote na ndo yanayowafunga midomo. Na huyo mwenyeji mpunguzieni kazi kidogo jamani, la sivyo atamkwepa.

Kazi ya kwanza iwe ndogo ila ya kweli. Wiki ikiisha bosi amuulize "nini kimekushangaza hapa?", maana ukimuuliza anaendeleaje atakujibu salama tu.

Hao walioondoka, wengi walikuwa chini ya msimamizi mmoja? Hilo lichunguze mapema.