Wavu: kati ya dada wa Mbagala na shemeji yake, nani anunue chipsi?

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Mi msomaji wenu wa Mbagala Rangi Tatu. Juzi nimebishana na shemeji yangu mpaka kuku wakaingia bandani. Yeye anasema ubingwa wa Afrika wa wavu kwa akina dada ni mali ya Wakenya tangu uanzishwe, hakuna mwingine aliyewahi kuushika. Nikamwambia acha hizo, Waarabu walitangulia. Tumewekeana chipsi mayai na soda. Tuamulie.

JIBU: Dada yangu wa Rangi Tatu, chipsi zako hizo, mwambie asisahau kachumbari. Ila usimcheke sana maana na yeye hajatunga, kakosea mwanzo tu.

Wanaume ndio walioanza, Tunis, mwaka 1967, na wenyeji Tunisia wakabeba. Akina dada wamesubiri mpaka 1976 ndo wakachezewa ya kwao pale Port Said, Misri wakachukua, halafu kimya karibu miaka 10, yaliporudi 1985 Tunisia wakachukua, 1987 Tunisia tena, 1989 Misri. Kwahiyo mara nne za mwanzo zote kaskazini, Mkenya hayumo kabisa.

Sasa shemeji anapata wapi ujasiri? Mwaka 1991. Kenya wamekwenda Cairo, nyumbani kwa Mmisri, wamebeba kombe, na hawakuliachia, 1993, 1995, 1997, mara nne mfululizo! Mtu aliyeanza kufuatilia wavu kipindi hicho lazima aamini kombe limezaliwa Nairobi. Wakaja kuongeza 2005 na 2007, halafu tatu za mkupuo 2011, 2013 na 2015, zote wakiwa kwao Nairobi. Mtaniambia basi siri ni uwanja wa nyumbani, hapana, 2003 pia ilikuwa Nairobi na Misri wakawatoa wenyeji machozi. Baadaye Kamerun wakaja na mabinti warefu, wakachukua 2017, 2019 na 2021, mpaka Kenya walipowafuata hukohuko Yaoundé 2023 wakairudisha, wakiwafunga Misri fainali. Hiyo ikawa ya 10. Hakuna nchi nyingine inayowasogelea.

Halafu mkumbushe shemeji kuwa maneno yake kwa wanaume ndo hayafai kabisa. Mpaka 2023 wanaume waliowahi kuwa mabingwa ni nchi nne tu, Tunisia mara 11, Misri mara 9, Aljeria na Kamerun mbilimbili. Utamu uko kwa Tunisia na Misri, ni Simba na Yanga wa wavu hawa. Misri walibeba sita mfululizo kuanzia 2005, na ile ya 2013 wakaichukulia Sousse, ndani ya Tunisia. Tunisia wakanyamaza, 2017 wakaenda Cairo wakalipa deni hukohuko.

Kwa nini dada zetu wa Kenya wameweza? Mi naona ni ajira. Timu zao kubwa ni Kenya Pipeline, ya kampuni ya bomba la mafuta, KCB ya benki na Prisons ya magereza, yaani binti akijua kupiga smashi anapata kazi na mshahara, anaamka asubuhi anaenda mazoezini bila kuwaza nauli. Kwetu pia wavu umebebwa sana na majeshi na Magereza, lakini nje ya hapo nani anaweka hela? Hela yote ya mdhamini inaishia kwenye soka, na hili nalisema kila mwaka.

Hata sisi shuleni tulicheza na wavu wa kuvulia samaki uliochakaa, matundu mengine mpira unapita katikati, tukawa tunagombana kama umepita juu au ndani. Nguzo moja ilikuwa mwembe.

Kuna kituko kimoja lazima nikigusie, Kigali 2021. Wenyeji Rwanda walichezesha mabinti wenye asili ya Brazil, Nigeria wakakata rufaa, mashindano ya akina dada yakasimama katikati, mwisho Rwanda wakaondolewa kwenye mashindano yao wenyewe. Wangetulia na watoto wao wa nyumbani wangemaliza vizuri tu.

SWALI: Baba anadai zamani seti ilikuwa pointi 15 na mechi zilikuwa haziishi. Kweli au anazeeka? (Mdau, Tabata)

JIBU: Mheshimu mzee, yuko sahihi. Zamani ilikuwa hupati pointi kama hujasevu wewe, ukishinda mpira wa mwenzio unapewa tu nafasi ya kusevu, ubao haugusiki. Timu zikilingana zinaweza kupokezana sevu dakika tano matokeo yako palepale 7 kwa 7, watu wanaenda kununua mihogo wanarudi, bado 7 kwa 7. Mwaka 1998 shirikisho la dunia likapitisha kila mpira uwe pointi, seti ikawa 25, ya tano ndo imebaki 15. Mwaka huohuo akaingizwa na libero, yule mfupi wa jezi tofauti anayeokota mipira ya nyuma. Muulize mzee alikuwa anacheza nafasi gani, akisema libero enzi zake, hapo sasa anza kuwa na wasiwasi.