Mshipa uliovimba tumboni: puto linafanya kazi gani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 63, tuko Newala. Alifundisha shule ya msingi Ukerewe miaka 19, alipostaafu akarudi nyumbani kuhudumia mikorosho. Mwaka jana, msimu wa kupulizia salfa, alitapika damu karibu nusu beseni na choo kikawa cheusi. Aliongezewa damu chupa tatu, kisha akaingizwa mpira wa kamera. Mishipa ya kwenye koo la chakula wakaifunga pete, ila wakasema upo mmoja mkubwa juu kabisa ya tumbo ambao hawakuugusa, na kwamba kuna njia ya kuuziba kwa puto bila kumpasua. Mjomba anataka apasuliwe yaishe. Shangazi anasema ni salfa. Hanywi pombe, na ini wanasema bado linafanya kazi vizuri. Hilo puto ni nini? Linabaki mwilini? Na kwa nini wasifunge pete tu kama ile mingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na shangazi, maana wengi huku wanafikiri kama yeye. Salfa inawasha macho na kubana kifua, na baba afunike pua na mdomo anapopulizia. Lakini haivimbishi mishipa ya tumbo. Neno zito kwenye maelezo yako ni Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria.

Huku kwetu kichocho tunachokijua ni cha mkojo: mtoto anakojoa damu, na minyoo yake inakaa kwenye mishipa ya kibofu. Ziwa Victoria kuna ndugu yake, kichocho cha tumbo, anayekaa kwenye mishipa ya matumbo. Mtu akiogelea, akioga au kuchota maji ziwani kwa miaka 19, huambukizwa tena na tena. Mayai ya minyoo husombwa na damu mpaka kwenye ini, yakakwama katika vijitawi vya ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka tumboni, na mwili ukayazungushia makovu. Mshipa huo ndio unaoliletea ini kama robo tatu ya damu yake yote. Makovu yakibana, damu inarudi nyuma na presha inapanda. Kwa mtu mzima mwenye afya, presha ndani ya mshipa huo huzidi ile ya mshipa mkubwa unaorudi moyoni kwa milimita 1 hadi 5 za zebaki. Ikivuka 10, mishipa huanza kuvimba. Ikivuka 12, inaweza kupasuka.

Ndiyo maana mtu asiyekunywa pombe, mwenye ini linalofanya kazi, anaweza kutapika beseni la damu. Makovu ya kichocho yapo njiani, kabla damu haijazifikia seli za ini zenyewe. Mlipofika hospitali, kuna aliyeuliza baba aliishi wapi? Daktari wa Kusini akiona mzee wa Newala anaweza asiwaze kichocho cha tumbo hata kidogo. Mwambieni kila daktari mtakayekutana naye. Hata hivyo apimwe homa ya ini B na C, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa pete. Mishipa ya koo la chakula ni myembamba na ipo juu juu. Daktari anaivuta ndani ya kikombe kidogo kilicho kwenye ncha ya kamera, anaachia pete ya mpira, mshipa unanyongwa. Baada ya siku chache pete inadondoka na kuacha kidonda kidogo kinachopona. Mshipa wa juu ya tumbo ni kitu kingine. Nimeiona mingi kwa kamera: kibonge cha bluu-zambarau, kimejikunja kama kidole gumba, wakati mwingine kina kidoa chekundu mgongoni, mahali ukuta ulipobaki mwembamba kama ngozi ya nyanya. Hauingii wote kwenye kile kikombe. Ukiunyonga nusu, pete ikidondoka unabaki na kidonda juu ya mshipa mnene wenye presha, na damu itakayotoka hapo inaweza kumaliza mtu. Waliomwacha bila kuugusa walifanya uamuzi sahihi, usiwalaumu.

Mshipa wa namna hiyo hutibiwa kwa njia mbili kubwa zisizo za kisu. Ya kwanza ni gundi. Ni ya ukoo mmoja na ile gundi kali ya dukani, ila imetengenezwa kwa matumizi ya hospitali. Kupitia kamera, sindano inaingia ndani ya mshipa, gundi inakutana na damu na kuganda kwa sekunde. Inahitaji mkono uliozoea, kwa sababu tone linaweza kuponyoka na damu likafika kwenye mapafu.

Ya pili ndiyo puto, na ilianzia Japani miaka ya 1990. Mara nyingi mshipa huu wa juu ya tumbo huwa umejitafutia mchepuko, unamwaga damu yake kwenye mshipa wa figo ya kushoto. Mtaalamu anatoboa kitundu kwenye nyonga au shingo, kwa ganzi, na kupitisha mrija mwembamba mpaka kwenye mshipa wa figo, kisha anaingia kwenye mchepuko kwa kurudi nyuma, kama mtu anayepanda mto kutoka mdomoni. Hapo anajaza puto dogo, mchepuko unazibika na damu inatulia. Nilipokuwa masomoni India nilisimama nyuma ya kioo nikitazama skrini: dawa ya rangi ilipanda taratibu, ikajaza kona moja baada ya nyingine, mpaka mshipa wote ukaonekana mweusi kama mzizi uliong'olewa. Baada ya rangi ndipo inafuata dawa ya kuukausha, siku hizi mara nyingi ikiwa povu. Puto huachwa limejaa kwa saa kadhaa, pengine mpaka kesho yake, kisha linatolewa. Kwa hiyo halibaki. Wataalamu wengine badala ya puto huacha kizibo au nyuzi za chuma zilizojiviringa, na hizo hubaki maisha yote bila kumsumbua.

Ila mjue gharama yake mwilini. Mchepuko ukizibwa, damu iliyokuwa inapita pale inarudishwa upande wa ini, na presha inapanda zaidi. Mishipa ya koo iliyofungwa pete inaweza kuvimba tena, na maji yanaweza kujaa tumboni. Kwa hiyo kamera irudiwe baada ya wiki chache hata kama anajisikia mzima. Na kama siti skani, ile picha ya kompyuta ya ndani ya mwili, haioneshi mchepuko huo, puto halina pa kupita. Hapo huzungumzwa gundi, au kijibomba cha chuma kinachopitishwa ndani ya ini ili kushusha presha yenyewe.

Mjomba naye hajakosea kabisa. Misri na Brazili, nchi zilizoteswa sana na kichocho hiki, zimepasua wagonjwa wengi kwa miaka, wakitoa bandama na kufunga mishipa inayolisha tumbo. Kwa mzee wa miaka 63 mimi ningeiweka mwisho.

Ningefanya hivi: rufaa ianzie hospitali ya Ligula, Mtwara, au Hospitali ya Kanda ya Kusini, apigwe siti skani ya tumbo yenye dawa ya mishipa, na picha zisafiri pamoja na majibu ya kamera. Wanaofanya kazi ya puto ni wataalamu wa tiba radiolojia, yaani wanaotibu kwa mirija myembamba huku wakiongozwa na picha. Mafunzo yao hapa nchini yalianza Muhimbili mwaka 2018. Pigeni simu kabla hamjakata tiketi, muulize kama kazi hii mahususi inafanyika na vifaa vipo, maana kutoa usaha au kuzibua nyongo kwa mrija ni kazi nyingine. Kama hawana, ulizeni gundi.

Wakati mnasubiri, muulizeni daktari wake kuhusu propranolo, dawa ya kushusha presha ya mishipa hiyo, kama hana pumu na mapigo ya moyo hayako chini. Apewe prazikwanteli kama bado hajatibiwa kichocho. Itaua minyoo, makovu itayaacha. Na kama anameza diklofenaki kwa ajili ya magoti, kama wazee wengi wa mashambani, aache leo. Asprini na ibuprofeni vivyo hivyo. Kwa maumivu atumie parasetamo kwa kipimo atakachopewa.

Akitapika damu tena au choo kikiwa cheusi kama lami, msipande basi la Dar. Mpelekeni hospitali ya karibu akiwa amelazwa ubavu, bila kumpa chakula wala maziwa. Pale atawekewa drip, damu, antibayotiki na dawa ya kubana mishipa ikiwepo, na safari ndefu ije akishatulia. Ndugu wawili au watatu wenye afya wawe tayari kuchangia damu.