Picha imegeuka, mguso umebaki

SWALI: Nina laptopu ya zamani ya kupindua skrini, RAM GB 4, nimeitia mfumo endeshi wa Linux Mint. Nikiifanya tableti picha haizunguki. Nikiizungusha kwenye mipangilio, nagusa kushoto, kishale kinaruka kwengine. Skrini imeliwa na chumvi? – Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Chumvi ya bahari husingiziwa mengi; hapa haimo. Mint kwa kawaida huendeshwa kwa Xorg, programu inayoonyesha picha kwenye skrini, na humo picha na mguso ni vitu mbali: ukizungusha kimoja, cha pili hakifuati.

Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), andika xinput list, uchukue namba ya kifaa cha mguso. Kisha xrandr ikupe jina la skrini, aghalabu eDP-1. Namba ikiwa 11, andika:

xinput map-to-output 11 eDP-1

Utairudia kila unapozungusha, na hiyo ndiyo kero yake.

Ya kuzunguka yenyewe inategemea kihisi, kifaa kinachotambua laptopu imeinama vipi. Sakinisha iio-sensor-proxy, endesha monitor-sensor, inamisha laptopu. Yakitokea maneno kama left-up, kihisi kizima. Ikisema hakuna accelerometer (ndicho kihisi hicho), Linux haikioni, na kubadilisha muonekano wa eneokazi hakutasaidia.

Kikionekana, jaribu Fedora, Linux nyingine, yenye eneokazi la GNOME kwa flashi ya GB 8 kabla ya kufuta chochote. Hiyo, badala ya Xorg, hutumia Wayland, ambako mguso hufuata picha. Ila GB 4 ni finyu kwa GNOME. Vichupo vingi vya kivinjari vitaielemea. Kama huitumii sana kama tableti, baki na Mint.