Makao ya dharura yakijaa: kibali, tangazo na vyuma vya madirishani

Wiki za hivi karibuni barua nyingi zimenifikia kuhusu jambo lile lile. Watu wanaoendesha makao ya kuhifadhi waliokimbia vipigo, ukeketaji au mafuriko wamejaza vitanda, wamepata mfadhili wa kuongeza jengo, kisha wamekwama kaunti. Majirani wao nao wameniandikia. Nimechagua saba. Sheria ninayoirejelea humu ni ile ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya Kenya, Na. 13 ya 2019. Ada sitazitaja, kwa kuwa kila kaunti hupanga zake kila mwaka.

Tuna nyumba ya vyumba vinne inayolaza wanawake 14 na watoto wao. Tunataka kujenga bweni la vitanda 20 nyuma. Hatimiliki ni yetu, na fundi anasema mwenye hati haulizwi na mtu. Ni kweli? (Msimamizi wa makao, Machakos)

Fundi wako anataka kazi ianze Jumatatu. Hati inaonyesha ardhi ni ya nani. Utaifanyia nini ni swali la kaunti, na Katiba yenyewe, Ibara ya 66, inaipa Serikali nguvu ya kudhibiti matumizi ya ardhi hata ikiwa ni ya mtu binafsi. Kifungu cha 57 cha sheria ya 2019 kinakataza kuendeleza ardhi bila kibali cha Waziri wa Ardhi wa kaunti. Adhabu ni faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kinachouma zaidi kinakuja baadaye: unaweza kuamriwa urudishe ploti ilivyokuwa, ndani ya siku 90, kwa gharama yako. Hakuna mfadhili anayetaka kusikia kwamba pesa zake zimebomolewa.

Lakini kuna kosa lingine hapa ambalo hujaliuliza. Kwenye daftari la kaunti, nyumba yenu bila shaka imeandikwa makao ya familia moja. Siku mlipolaza mtu wa kumi na nne chini ya usimamizi, mlikuwa mmeshabadilisha matumizi, hata kabla ya kuongeza tofali. Kwa hiyo msianze na mchoro wa jengo. Nimekaa upande ule wa kaunta ya upangaji ardhi miaka mingi, na karibu kila kikundi kilifika na mchoro mzuri wa rangi, kikarudishwa.

Anzeni na mpangaji ardhi aliyesajiliwa, aandike ripoti ya kuomba kubadilisha matumizi. Mtahitaji nakala ya hati, upekuzi wa karibuni kutoka kwa msajili wa ardhi, ramani inayoonyesha mipaka ya ploti, na uthibitisho kwamba hamdaiwi kodi ya ardhi. Hilo likipita ndipo msanifu na mhandisi walete michoro, yafuate ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kulingana na ukubwa wa mradi, kisha mradi usajiliwe na NCA, mamlaka ya ujenzi, kabla ya kuchimba msingi. Mnaweza kuwasilisha baadhi kwa pamoja. Muulizeni afisa wenu wa kaunti anapendelea vipi, kwa maana wengine hawataki kuona mchoro kabisa hadi matumizi yakubaliwe.

Sisi huficha anwani yetu kwa sababu waume hutafuta wake zao kwa panga. Sasa mpangaji ardhi anasema lazima tuweke tangazo langoni na gazetini. Si ndio kumwonyesha mtu njia? (Nairobi)

Hili ndilo swali lililonifanya niandike safu hii.

Sheria inataka umma ujulishwe na upewe nafasi ya kupinga. Kwa kubadilisha matumizi, tangazo huwekwa kwenye ploti na magazetini, na watu hupewa siku 14 za kuandika pingamizi. La gazetini usiliogope sana. Hukaa kule nyuma, kisanduku kidogo kati ya hati zilizopotea na majina yaliyobadilishwa, na wanaolisoma ni mawakili na sisi wapangaji ardhi. La langoni ndilo lenye macho. Ni bati lililopakwa rangi nyeupe, limeandikwa kwa mkono, na mtu wa bodaboda akisubiri abiria hapo dakika kumi atalisoma mara tatu.

Angalieni basi linasema nini. Linataja nambari ya ploti, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, mwisho wa kupokea pingamizi na mahali pa kuzipeleka. Halihitaji jina la shirika lenu kwa herufi kubwa, wala kueleza wanaolala humo wametoka wapi. "Kutoka makao ya familia moja hadi makao ya pamoja" ni maneno ya kweli na yanatosha kwa jirani kujua kinachokuja. Msiandike "nyumba za kupangisha" au "hosteli ya wanafunzi" kwa kudhani mnajificha. Jirani akigundua, uongo huo ndio atakaoupeleka kwenye rufaa, na mtakuwa mmempa kesi asiyokuwa nayo.

Kabla ya kuwasilisha chochote, ombeni kuonana ana kwa ana na mkurugenzi wa upangaji wa kaunti. Mwelezeni kazi yenu kwa mdomo. Ombeni sehemu ya ripoti inayoeleza usalama na wakazi iwekwe kando ya faili ambalo kila mtu hufungua pale masjala. Ripoti za wapangaji huwa na picha nyingi, kwa hiyo zipitieni moja moja: asionekane mtu, isionekane nguo kwenye kamba, wala kibao cha shirika. Kama ploti iko kwa jina la mwanzilishi anayejulikana mjini, fikirieni kuihamishia kwa taasisi iliyosajiliwa yenye jina lisilosema lolote.

Na sasa niseme nisiloulizwa. Nyumba ya siri haiwezi kuwa kubwa. Wanawake ishirini na watoto wao hawafichiki mtaani, tangazo liwepo au lisiwepo. Muuza mkate anajua, kwa sababu anahesabu mikate. Mwalimu wa shule ya karibu anajua, kwa sababu kila mwezi anapokea watoto wapya wasio na barua ya kuhama. Ningekuwa ninyi, ningeiacha nyumba hii ibaki ndogo, ya usiku wa kwanza na wiki za hatari, nikajenga jengo kubwa kwingine, kwa uwazi, kwa wale ambao hatari yao imepoa na wanatafuta kazi na chumba cha kupanga.

Mimi ni jirani. Makao yaliyo karibu nami yanataka kwenda ghorofa mbili. Yataleta fujo na kushusha bei ya ploti. Nikipinga nitasikizwa? (Nakuru)

Utasikizwa ukiandika ndani ya muda, na ukiandika jambo linalohusu ardhi. Tangi la maji taka la watu sita litabeba watu arobaini? Gari la kunyonya choo litapita wapi? Maji ya mvua kutoka paa jipya yataelekea kwako? Dirisha la ghorofa ya pili litatazama bafu lako? Haya yana uzito, na mara nyingi hayaleti kukataliwa bali masharti: tangi kubwa zaidi, dirisha la juu lenye kioo kisichoonyesha, mfereji wa maji. Omba masharti. Anayeomba mradi wote ufutwe huwa anaondoka mikono mitupu.

"Aina ya watu" si hoja ya upangaji. Katiba, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi, na Ibara ya 43 inataja makao ya kutosha kama haki ya kila mtu. Kuhusu bei, nimesoma pingamizi nyingi za namna hiyo, na sikumbuki hata moja iliyoambatanishwa na hesabu ya mthamini.

Usiporidhika na uamuzi, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za upangaji, nayo hupewa siku 14 kuamua. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Zimamoto wanataka tuondoe vyuma vya madirishani ndipo watie sahihi. Polisi ndio waliotuambia tuviweke, baada ya mwanamume kujaribu kuingia usiku. Tumsikize nani? (Kisii)

Zimamoto. Najua jibu hilo halipendezi kwa mtu aliyewahi kusikia dirisha likivunjwa saa nane usiku.

Mwaka wa 2001 shule ya Kyanguli, Machakos, bweni liliwaka na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2024 Hillside Endarasha, Nyeri, ikapoteza wavulana 21 kwa moto wa bweni. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 ulikuwa umeshasema mambo haya waziwazi: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupita iwe angalau mita 2. Mwongozo huo uliandikiwa shule, lakini mtoto anayelala katika makao yenu anahitaji mlango ule ule.

Chukueni utepe wa kupimia mwone maana yake. Chumba cha mita 6 kwa 4, kikubwa tu. Kitanda ni upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 1.9. Ukutani kwenye mita 6 vinaingia vitanda vitatu na nafasi zake. Cha nne kinahitaji ukuta wa mita 7.2. Ukuta wa mkabala hauwezi kuwekwa vitanda, kwa sababu miguu kwa miguu njia inabaki sentimita 20. Vitanda vitatu, basi, au sita vikiwa vya ghorofa. Nimeingia vyumba vya ukubwa huo vikiwa na vitanda kumi na magodoro mawili sakafuni, mlango mmoja, na ufunguo mfukoni mwa mlezi aliyelala jengo lingine. Afisa akikataa kutia sahihi hapo, msimlaumu.

Ulinzi wenu usogezeni nje. Ukuta na lango ndivyo vya kumzuia mtu, pamoja na taa na mlinzi wa usiku aliye macho. Kama lazima vyuma vibaki, fundi wa kuchomelea awatengenezee vyenye bawaba, vinavyosukumwa kutoka ndani bila ufunguo, na afisa avijaribu mwenyewe gizani. Wekeni mlango wa pili upande mwingine wa bweni, ufunguke kwa kusukuma. Haya yaingie kwenye michoro tangu mwanzo. Kutoboa mlango kwenye ukuta uliokwisha pigwa lipu ni gharama ya kijinga.

Tuliwasilisha ombi siku 75 zilizopita, kimya. Nasikia sheria inasema siku 60 zikipita kibali kimetolewa. Tuanze? (Kajiado)

Sheria inasema hivyo, kifungu cha 58: usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Ila hakikisha mna nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, na kwamba hawakuwaandikia kudai karatasi iliyopungua. Kisha andikeni barua mkikitaja kifungu hicho, mkiomba uthibitisho. Mfadhili na benki watataka karatasi, na kimya hakipigwi muhuri. Mimi singechimba msingi kabla ya barua hiyo kujibiwa au wakili kuipitia.

Kaunti imeidhinisha jengo, lakini afisa wa watoto anasema hatuwezi kuongeza watoto. Sasa kibali ni cha nini? (Kakamega)

Kibali cha kaunti kinahusu jengo na ardhi. Idadi ya watoto iko chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, na upepo huko unavuma kinyume nanyi. Tangu Novemba 2017 Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Mngemuona afisa huyo kabla ya kumlipa msanifu.

Jengo halijapotea. Vyumba vya mama na watoto wake pamoja vinaelezeka vizuri kuliko bweni la watoto peke yao, mradi mama awepo kweli. Zungumzeni na afisa wa watoto mkiwa na mchoro mezani, na kama vyumba vitagawanywa upya, rudisheni michoro iliyorekebishwa kaunti kabla ya fundi kuhamisha ukuta.

Kanisa letu lilihifadhi familia zilizofurushwa na mafuriko ya 2024, zikaja kwetu kwa miguu kutoka mtoni. Tungependa kujenga mabweni ya kudumu kwa ajili ya mvua zijazo. Mahema hayakuombewa kibali, mabweni je? (Mzee wa kanisa, Kiambu)

Hema la dharura la wiki chache hakuna aliyekuuliza, na ni sawa. Jengo la kudumu ni uendelezaji kama mwingine wowote. Ardhi iliyotengewa ibada itahitaji kuongezewa matumizi ya kulaza watu, pamoja na tangazo na zile siku 14. Ombeni mkitaja kwamba jengo litatumika kwa mikutano siku za kawaida na kulaza watu wakati wa maafa. Vyoo na maji vihesabiwe kwa usiku wa watu wengi, maana ibada ya Jumapili ya kawaida huchukua saa tatu tu.

Jambo moja kwanza, kabla ya kuchanga hata shilingi. Umesema watu walikuja kwenu kwa miguu kutoka mtoni, kwa hiyo mto hauko mbali. Kanuni zetu huacha ukingo wa mita 6 hadi 30 usiojengwa, kutegemea upana wa mto. Chukueni kijana na kamba, mpime kutoka pale maji yalipofika Aprili 2024, kwenye ile alama ya tope ukutani. Msianzie pale mto unapopita sasa hivi.