Alama au jina? Hesabu kwanza itatumika mara ngapi

Ndugu, umeuliza kama maktaba yako (mkusanyiko wa kodi) ya lugha ya programu ya Haskell ipe shughuli zake alama za kubuni au majina ya kawaida, maana wewe na mwenzako hamuelewani.

Mimi nisingeanza na ladha ya mtu. Alama kama <>, inayounganisha vitu viwili kuwa kimoja, inafaa kwa sababu a <> b <> c haibadiliki maana popote utakapoweka mabano. Jicho linapita moja kwa moja, kama kwenye kujumlisha. Ukiandika mappend a (mappend b c), yaani kazi ileile kwa jina, mabano yanafunika jambo jepesi. Lakini alama uliyoibuni mwenyewe, inayotokea mara mbili katika programu nzima, ni fumbo tu. Haitamkiki, na msomaji lazima akumbuke ikirudiwa inaanza kukokotolewa kushoto au kulia, tena ina kipaumbele gani, kati ya 0 na 9, mbele ya alama nyingine. (Hapo ndipo mimi hupotea.) Lugha nyingine ya programu, Elm, katika toleo la 0.19 la mwaka 2018 iliwaondolea watumiaji wa kawaida uwezo wa kubuni alama; naona walizidisha.

Kwako, zilizozoeleka zitumie bila wasiwasi. Za kwako zipe majina kwanza, na alama ikihitajika iwe kisawe cha jina, kama <$> ilivyo kwa fmap, kazi ya Haskell inayotumia kitendo kwa vilivyomo ndani ya kitu kama orodha.