Maswali na majibu: Leseni, bima na gari la mteja lililo mikononi mwako

Maswali ya safari hii yote yanahusu kazi ya kuosha na kung'arisha magari inayofanywa kama shughuli ya pembeni, jioni au mwisho wa wiki. Nimeyachagua kwa sababu kosa lililomo ni lile lile ninalolikuta kila mara: mtu anahangaikia karatasi za kumridhisha ofisa wa halmashauri, huku akilisahau kabisa gari la mamilioni ambalo mteja amemkabidhi pamoja na ufunguo. Majibu yangu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa leseni.

Nimeajiriwa, na kila Jumamosi na Jumapili ninawafuata wateja majumbani kwao na mashine yangu ya presha. Sina ofisi wala kibao. Je, mimi nami ninahitaji leseni ya biashara? (Msomaji, Mbezi)

Unahitaji. Sheria ya Leseni za Biashara, Na. 25 ya 1972, inakataza kufanya biashara bila leseni, na haiulizi unafanya kazi siku ngapi kwa wiki wala kama una mshahara kwingine. Kazi ndogo kama yako hupewa leseni ya kundi B, ambayo hutolewa na halmashauri, na siku hizi maombi hupitia Tausi, mfumo wa halmashauri wa mtandaoni. Andaa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi (TIN), cheti cha Mamlaka ya Mapato (TRA) cha uthibitisho wa kulipa kodi na anwani ya biashara yako. Ukitumia anwani ya nyumbani, ulizia kwanza kwa ofisa biashara wa eneo lako, kwa kuwa nyumba iliyopimwa kwa ajili ya makazi pekee inaweza kuleta mgogoro na mipango miji, hasa ikiwa magari ya wateja yatakuja kupanga foleni getini kwako.

Hukuuliza kuhusu kodi, lakini wewe una mshahara na jambo hili linawaponza wengi wa hali yako. Utaratibu wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo, wale ambao mauzo yao ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100, uliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara. Unapokwenda TRA, mweleze ofisa waziwazi kwamba umeajiriwa, akuelekeze namna ya kutoa hesabu zako. Ukinyamaza leo, mwajiri wako anakata kodi upande mmoja, wewe unakadiriwa upande mwingine kana kwamba huna mshahara, na siku hesabu hizo mbili zitakapokutanishwa ni wewe utakayeitwa kueleza.

Je, TIN peke yake haitoshi?

Haitoshi. Swali hili limeletwa kwangu kwa maneno tofauti mara nyingi mno, na jibu halijabadilika: TIN ni namba ya mlipakodi, haina ruhusa ya biashara ndani yake, na kwa kuwa TRA huitoa bure, anayekutoza fedha ili akupatie TIN anakuibia.

Nimekwisha kusajili jina BRELA na nimechapisha fulana. Ninaweza kuanza kazi? (Msomaji, Dodoma)

Jina ni jina tu. Cheti cha BRELA, wakala wa serikali anayesajili majina ya biashara, kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina lile; leseni ni hatua nyingine, na ukifungua sehemu ya pili itahitaji leseni yake.

Nina kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Rafiki ananiambia hicho kinanitosha kwa kazi hii ya pembeni. Ni kweli?

Rafiki yako angefanya hesabu kwanza. Vitambulisho vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vililengwa kwa mtu ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Tuseme unasafisha magari mawili tu kila mwisho wa wiki, viti, kapeti na polishi ya nje, kwa shilingi 50,000 kila moja. Hizo ni shilingi 100,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 5,200,000. Umevuka, na magari yenyewe ni mawili. Tena angalia kwamba kinachopimwa ni mauzo, yaani fedha yote iliyoingia kabla hujatoa gharama za sabuni, umeme na nauli. Wengi hupima faida na kujiona wako salama.

Wateja wangu wote wana bima kubwa. Sasa kwa nini nami nitumie fedha kukata bima? (Msomaji, Tabata)

Kwa sababu bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lenyewe, ni ya mteja, wewe haikukingi. Kijana wako akirudisha gari nyuma kulitoa kwenye maji, akagonga nguzo na kuvunja bampa, mteja atadai kwa kampuni yake ya bima. Kampuni inaweza kumlipa, na ikishamlipa sheria inairuhusu kusimama mahali pake na kukudai wewe uliyesababisha hasara. Kwa hiyo bima kubwa ya mteja haifuti deni lako. Inachofanya ni kubadilisha anayekudai, na kampuni ya bima ina mawakili ambao mteja wako hana.

Hapo tumechukulia kwamba kampuni imekubali kulipa. Mikataba mingi ya bima za magari humkinga dereva aliyeruhusiwa na mwenye gari kwa sharti kwamba awe na leseni ya udereva, na mingi pia ina kipengele kinachozuia gari kutumika katika shughuli za biashara ya magari, ingawa baadhi hulegeza kipengele hicho gari linapokuwa kwa fundi kwa matengenezo. Ikiwa aliyeshika usukani ni kijana wa kuosha asiye na leseni, usitarajie huruma. Kama mteja ana bima ndogo tu, hata mjadala huo haupo, maana bima ndogo hulipa madhara yanayowapata watu wengine, wala haigusi gari lenyewe. Ninawasihi wenye biashara hizi: asiye na leseni ya udereva asiguse ufunguo, hata kwa kusogeza gari hatua tatu. Mwenye gari na alisogeze mwenyewe.

Nilikata bima ya dhima kwa umma kwa ushauri wa wakala. Mwezi uliopita mashine ya polishi ilichubua rangi kwenye ukingo wa boneti ya mteja, na kampuni imekataa kulipa. Je, nimetapeliwa? (Msomaji, Arusha)

Huenda hukutapeliwa, ila uliuziwa kitu kisichokufaa, na kwa mfuko wako matokeo ni yale yale. Bima ya dhima kwa umma hulipa madhara ambayo kazi yako inawasababishia watu wengine. Fungua hati yako, uende kwenye orodha ya mambo yasiyokingwa. Karibu kila bima ya dhima kwa umma huwa na sentensi inayoondoa mali iliyo chini ya uangalizi, ulinzi au mamlaka ya mwenye bima. Mpita njia akiteleza kwenye povu lako akavunjika mkono, bima inafanya kazi. Maji ya presha yakivunja kioo cha gari la jirani lililoegeshwa pembeni, inafanya kazi. Gari unalolisafisha, yaani mali ile ile ambayo una nafasi kubwa kuliko zote ya kuiharibu, limeachwa nje. Kasoro ya kazi yenyewe nayo kwa kawaida haimo; gharama ya kurudia polishi mbovu ni yako.

Unachopaswa kuomba, kwa maandishi, ni nyongeza inayokinga magari ya wateja yakiwa mikononi mwako, pamoja na kuendeshwa ndani ya eneo lako la kazi, au bima ya aina ile wanayokata wenye gereji. Muulize wakala maswali haya matatu na udai yajibiwe kwa barua: gari la mteja likiharibika wakati tunalisafisha, mtalipa? Likiibiwa usiku likiwa kwangu, mtalipa? Kiwango cha juu kwa gari moja ni kipi, na sehemu ya kwanza ya hasara nitakayobeba mwenyewe ni kiasi gani? Wakala anayejibu "usijali, kila kitu kimo" umkimbie. Ukiona hati yako ilistahili kulipa na kampuni bado inakataa, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo TIRA inayosimamia kampuni na mawakala wote.

Siku nyingine likitokea jambo kama hilo, iarifu kampuni siku hiyo hiyo, na usikiri kosa wala kuahidi malipo kabla haijakujibu. Ahadi uliyoitoa kwa nia njema mbele ya mteja aliyekasirika inaweza kuwa sababu ya kukunyima fidia.

Nimebandika tangazo kubwa: "Gari linaachwa kwa dhamana ya mwenyewe." Je, halinilindi?

Usilitegemee. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayepokea mali ya mwenzake aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe, na karatasi ukutani haigeuzi uzembe kuwa uangalifu. Kitakachokulinda ni fomu ya kupokelea gari. Zunguka gari pamoja na mteja kabla halijaloweshwa, maana maji huficha mikwaruzo; andika kila mkwaruzo, ufa wa taa na saiti mira iliyolegea, washa injini muone taa za dashibodi zinazobaki zikiwaka, piga picha pembe zote nne, kisha mteja atie saini. Vitu vya thamani avitoe mwenyewe mbele yako.

Nina vijana wawili ninaowalipa kwa kila gari, hawana mkataba. Ni lazima niwasajili popote? (Msomaji, Mwanza)

Ndiyo, na kuwaita vibarua hakukuondolei wajibu. Mwajiri wa sekta binafsi Bara anatakiwa kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya Sheria Na. 5 ya 2003. Kama unatumia kompresa ya hewa, tangi lake linahitaji kukaguliwa. Vijana hawa wanashika umeme mikono ikiwa imelowa na kuvuta harufu za dawa za kuondolea madoa ndani ya gari lililofungwa. Buti za mpira, glavu na swichi inayokata umeme hitilafu inapotokea ni deni lako kwao hata pasipo sheria.

Naweza kuchimba kisima changu nikaepuka mgawo wa maji?

Unaweza, kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu. Ninaelewa chanzo cha swali lako, kwani Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatoa maji kwa mgawo, wenye kazi hii waliumia. Lakini waombaji wa kisima hawaniulizi kamwe maji machafu yataenda wapi. Yana mafuta, grisi na sabuni, na yanahitaji chemba ya kutenganisha mafuta kabla hayajafika popote. Usiende kujenga kando ya mto au ziwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na kuna watu wanachota na kupika kwa maji hayo hayo unayoyamwagia oili.

Je, halmashauri ikinipa leseni, naweza kujenga kibanda ndani ya hifadhi ya barabara?

Hapana. Utavunjiwa bila fidia, leseni ikiwa mkononi.

Wakala amepokea fedha yangu ya bima kwa simu, akanitumia ujumbe kwamba tayari nimekingwa, hati itafuata. Ni wiki ya tatu sasa.

Acha kumsubiri. Piga simu makao makuu ya kampuni anayodai kuiwakilisha, uwape jina lako na tarehe ya malipo, uulize kama ada yako imewafikia, kwa maana pasipo ada kufika hakuna kinga. Kama hawakutambui, peleka ujumbe ule na kumbukumbu ya muamala TIRA, na mpaka utakapopata hati yenye jina lako usipokee ufunguo wa gari la mtu.