Tikiti la kumi la tatu halina mnunuzi

Juzi usiku kijana mmoja anayenisoma hapa alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nina ekari 5 za kukodi Mkuranga, mkopo wa kikundi umetoka, nataka kupiga matikiti ya Ramadhani. Nitapanda baada ya Krismasi, mshahara ukiingia. Naomba baraka zako."

Baraka ninazo. Ila nilikuwa na kalamu mkononi, nikapiga hesabu kwanza. Akipanda 27 Desemba, tikiti la siku 80 linakomaa 17 Machi. Ramadhani ya 2026 ni ya kuanza 18 au 19 Februari, kwa kuandama kwa mwezi. Kwa hiyo mzigo wake utafika sokoni siku mbili tatu kabla ya Idd, wakati watu wanagombania viatu vya watoto na kanzu. Nani anabeba tikiti la kilo 6 siku hiyo?

Sikumcheka. Mwaka 2023 nilipotea njia hiyohiyo, tena nikiwa na umri wa kutosha kujua.

Hesabu zangu niliziandika nyuma ya daftari la hisabati la mwanangu. Ekari 2, mashimo 2,000 kila ekari, kila mche matunda mawili, kila tunda shilingi 2,000 palepale shambani. Milioni 16! Mke wangu akachungulia, akauliza, "Na mvua umeiandika wapi?" Nikamwambia asiniletee mkosi.

Mpango ulikuwa kupanda 15 Desemba. Mnakumbuka vuli ya mwaka ule, ile ya El Niño. Shamba likawa bwawa, mwenye trekta akagoma kuingia mpaka ardhi ikauke. Nikapanda 6 Januari. Siku 22 za kuchelewa, nikajipa moyo: siku 22 ni nini bwana, Ramadhani ina siku 30. Yaliyofuata ni palizi na kupiga dawa ya inzi wa matunda, mnayajua, siwachoshi.

Tarehe 12 Machi 2024 tukaanza kufunga. Matikiti yangu kwa nje yalikuwa yanapendeza, ukikata ndani kuna wekundu wa kuazima. Jirani yangu alishauza yote wiki ya mwisho ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, 2,500 mpaka 3,000 kwa tunda la namba moja, na madalali walikuwa wanampigia simu mpaka anaizima. Alinipitia akiwa na pikipiki mpya. Hakusema neno, alipiga honi tu. Ile honi naisikia mpaka leo.

Mnunuzi wangu wa kwanza alikuja 30 Machi, mfungo 19. Akaokota tikiti, akaligeuza tumbo kuangalia lile doa la njano, akaligonga kwa kidole cha kati huku ameinamisha sikio. Akalipasua kwa panga, akatafuna kipande, akatema mbegu. "Bosi, hili limekunywa mvua." Kweli masika yalishaanza, na tikiti likinyeshewa sana wiki za mwisho linapoa, sukari inakimbia. Akanipa bei: 1,000. Nikapandisha mabega, nikamwambia arudi alikotoka.

Alirudi kweli, 2 Aprili, mfungo 22. Safari hii 700, na anachagua. Nikakubali. Akachukua matunda 1,400, yaani 980,000. Fuso likanasa kwenye tope mita 300 kutoka shambani, wakashusha nusu ya mzigo ndipo likatoka, na hela ya vibarua akaikata kwenye malipo yangu. Yaliyobaki, kama 700 hivi, mengine nilipeleka madrasa, mengine walikula mbuzi wa watu. Gharama zangu zilikuwa milioni 3.4. Shemeji yangu aliniita "Bwana Kilimo" mwaka mzima.

Sasa ushauri, na naomba unisikilize vizuri. Usianze kuhesabu siku ya kupanda. Anza na siku ya mwezi kuandama, rudi nyuma siku 7, kisha rudi siku 80. Hapo ndipo unapanda. Wauzaji wa masoko ya Temeke Stereo na Mabibo, Dar, wanajaza mzigo kabla ya mfungo wa kwanza, na kumi la kwanza, yaani siku kumi za mwanzo za mfungo, ndilo lenye hela. Kumi la pili kila shamba limeiva. Kumi la tatu mtu ananunua tende na nguo. Kwa hiyo hesabu kutoka mwezini kurudi nyuma. Ukishahesabu, hesabu tena.

Msimu uliofuata nilifanya hivyo. Ekari 1 tu, karibu na kisima, kwenye tuta lililoinuka ili vuli isinizamishe. Nilipanda 5 Desemba 2024, nikavuna wiki ya mwisho ya Februari, Ramadhani ikaandama mwanzoni mwa Machi. Matunda 1,250 kwa 2,300. Piga mwenyewe, mimi nishapiga mara nyingi. Shemeji alikuja kuomba ushauri, nikamkalisha chini ya mwembe saa nzima kabla sijamwambia chochote.

Na huo mwembe ndio jambo jingine ambalo vijana hamtaki kulisikia. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, mvua na miti haihami. Tulipokuwa na Ramadhani ya Aprili na Mei, meza ya futari haikuwa na embe, tikiti lilitawala. Sasa tunaingia Februari, mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, na 2030 tutafunga Ramadhani mbili, Januari na mwishoni mwa Desemba. Huko ndiko yaliko maembe, yamejaa barabara yote ya Kilwa, ndoo kwa bei ya kutupa. Mama wa futari mwenye 3,000 mkononi atachukua maembe ya kula na watoto sita au tikiti moja? Joto la Januari litakusaidia kidogo, wauza juisi na wakata vipande wapo, lakini bei ya mwaka ule wa jirani yangu msiiote. Mnapenda kulima kwa kusikia. Mtu akipata mwaka jana, mwaka huu kijiji kizima mnapanda, tena wiki moja.

Nilimwandikia yule kijana haya yote, marefu kuliko hapa. Nikamwambia kama kisima kipo apande ekari 1 wiki hii, hizo 4 aziache. Asubuhi kajibu:

"Asante sana kaka, nimekuelewa. Ila mbegu za ekari 5 nimeshanunua."